Mgeni wa Ndani ya Spika

Spika ilipoanza kuimba, flashi yenye nyimbo ilikuwa mkononi mwa Lwakatare. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mvua ilinyesha juu ya migomba ya Kaagya, na sebuleni kulinuka tope la ziwani.

Wimbo aliutambua. Ulikuwa wa saba katika albamu ya roki ya vijana wanne wa Arusha, waliojirekodi wenyewe ndani ya banda la kuku, mwimbaji akilalama kama ana mafua. Mkewe Dativa aliipenda mno. Yeye hakuwahi kuimaliza.

"Wanakwangua sufuria hawa," alizoea kusema.

"Na wewe masikio yako ni ndizi mbichi," Dativa alimjibu, akicheka.

Dativa alizikwa mwezi wa tatu, kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Siku ya kwanza Lwakatare alichomoa waya, wimbo uliendelea. Siku ya pili aliiacha spika mvuani, akaikuta mezani, kavu. Siku ya tatu alijikuta amekaa akiusubiri. Ndipo aliposikia kwamba zile kelele zilikuwa magitaa mawili yanayotafutana, moja likichelewa kwa makusudi, na kwamba ngoma ziliponyamaza kabla ya ubeti wa mwisho, hata pumzi yake ilisimama. Ulikuwa wimbo mzuri. Aliona aibu kuujua sasa, mwenye kuupenda akiwa udongoni.

Aliamini Dativa ndiye aliyekuja. Akafanya anachofanyiwa mgeni: alichukua tunda la kahawa ya kutafuna, akalipasua, buni moja akaitia kinywani, ya pili akaiweka juu ya spika. Buni mbili za tunda moja. Wazee wa Kihaya walifungia udugu wa damu kwa namna hiyo, naye alilijua hilo, ila hakulikumbuka.

Wimbo ulipoisha, buni ya juu ya spika ilikuwa imetafunwa.

Jumapili alikuja Georgina, mdogo wake Dativa, kutoka Kemondo. Aliomba asikie ujumbe wa sauti ambao dada yake aliutuma kutoka hospitalini. Lwakatare aliufungua. Yalitoka magitaa. Akafungua mwingine, na mwingine. Magitaa.

"Shemeji, umefuta?"

"Sijagusa kitu."

"Mawe, mama yangu! Basi nionyeshe alivyokuwa akikuita. Igiza tu, nicheke."

Alifungua kinywa. Maneno aliyakumbuka yote. Sauti ya Dativa haikuwepo kichwani, si kicheko, si kikohozi. Georgina alimtazama, kisha akapiga simu kijiji cha Ngenge.

Bibi Skolastika, mganga, alifika kwa bodaboda, rozari shingoni, akilalamikia barabara. Alinusa spika, akatema mate.

"Nyegera waitu," Lwakatare alimkaribisha.

"Umenikaribisha mimi. Na huyu, ulimkaribisha kwa kitu gani?"

Alimweleza habari ya kahawa. Bibi alikaa chini polepole.

"Huyu si mkeo. Ni jini, anakula sauti ya mkeo kutoka kwako. Amebakiza kidogo. Na umekula naye tunda moja, mimi siwezi kumtoa." Alinong'ona. "Wewe unaweza. Mwambie humtaki, wimbo wake ni kelele. Lakini useme kwa moyo wa kweli, mwanangu. Akisikia uongo, atamaliza kilichobaki."

"Shemeji, si ulikuwa unausema kila siku?" Georgina alinong'ona. "Sema."

Saa tisa wimbo ulianza, na harufu ya tope ikapanda hadi kooni, na Lwakatare akasimama mbele ya spika, akasema kwamba huu wimbo ni kelele, kwamba hautaki, akakazia kila neno kama mwalimu anayesomesha imla, huku magitaa yakitafutana, na kidole chake, asijue, kikigonga mapigo pajani, hadi ngoma ziliponyamaza kabla ya ubeti wa mwisho na yeye, pamoja na kilichokuwa ndani, wakavuta pumzi moja.

Bibi Skolastika alikwisha kuvaa koti lake la mvua.

Georgina alimshika shemeji yake mabega, akamwita kwa jina. Watu wa Kemondo wanasema sauti yake na ya dada yake hazikuwa na tofauti. Lwakatare aliona midomo yake ikifunguka na kufumba, machozi yakishuka, na hakusikia hata neno moja. Akamsogeza kando kwa upole, maana alikuwa amesimama kati yake na spika.