Ukuta wa Almagre

Siku ile tulikuwa tunafua. Mimi na dada yangu Hermila ndio tuliokuwa tukifua mashati ya wachimbaji wa Almagre, na kila Jumatatu ilikwisha tukiwa tumeinama juu ya mapipa. Upepo ulitoka mtoni, Mexico ng'ambo ilionekana karibu kana kwamba ungeigusa kwa mkono, na mbuzi wa jirani walikuwa wanatafuna mkono wa shati la mtu. Hermila aliwafukuza kwa matusi ambayo padri asingependa kuyasikia. Nayasema haya mjue kwamba hatukuamka tukitafuta mizimu.

Almagre ulikuwa mgodi mdogo wa zebaki katika jangwa la Texas, upande huu wa mto. Jiwe lake ni jekundu kama ini la mbuzi. Ukilichoma kwenye tanuri hutoa mvuke, na mvuke ukipoa unageuka ile fedha inayokimbia. Wazee wetu walisema kwamba zamani, kabla hajazaliwa mtu, maji ya moto yalipanda kutoka tumboni mwa dunia yakiwa yameibeba zebaki hiyo. Yakapenya kwenye nyufa za mawe ya chokaa, yakafika kwenye tabaka la udongo mzito, yakagota. Udongo ukawa kifuniko, na mali yote ikabaki chini yake. Watu waliotutangulia nchi ile walikuja kuokota jiwe jekundu la juu, wakajipaka nyuso, wakaenda zao. Ndani hawakuingia.

Sisi tuliingia. Na kifuniko kile kilikuwa na tabia ya kuanguka.

Miaka mingi nyuma, mwaka ule wa ukame mkubwa, kiliangukia njia ya magharibi. Siku hiyohiyo shemeji yangu Nabor Galindo, mume wa Hermila, hakurudi nyumbani. Nyapara wetu, Mister Stroud, alisema ndani hakukuwa na mtu. Alisema Nabor alionekana alfajiri akivuka mto na mwanamke wa ng'ambo. Kisha, kazi isije ikasimama kwa ajili ya kufukua, akaamuru njia ile izibwe kwa ukuta wa mawe, na watu wakaamini, maana kuamini hakuchoshi.

Dukani wanawake hawakumwacha dada yangu apumue. "Hermila, mumeo anakusalimu! Anasema ng'ambo wanapika maharage vizuri kuliko wewe."

"Nabor alikuwa anaogopa hata maji ya kuoga," aliwajibu. "Mto angeuvukaje? Mlimbeba nyinyi?"

Hakuvaa nguo za msiba, wala hakuolewa tena. Alikaa hivyohivyo, kichwa juu, kama mtu anayesubiri kuombwa radhi.

Sasa mawe mazuri yalikuwa yamekwisha kwingine kote. Mwenye mgodi, aliyekaa mjini, aliagiza upande wa magharibi uchimbwe tena. Stroud akawapeleka watu, lakini kwa sharti la ajabu: wachimbe pembeni, ukuta wasiuguse.

Jua lilikuwa utosini Ponciano alipokuja kwetu. Alikuwa mchimbaji mkongwe, rafiki wa marehemu baba yetu. Mikono yake ilitetemeka siku zote kwa sababu ya sumu ya moshi wa tanuri.

"Binti yangu," akamnong'oneza Hermila, "kuna kitu kinagonga nyuma ya ukuta."

"Panya."

"Panya hawajui jina lako."

Hermila aliliacha shati likazama kwenye pipa.

Tulipofika mdomoni mwa mgodi, watu wote walikuwa wametoka. Walikaa juani, kofia mikononi. Stroud alikuwa anafoka kwamba asiyeshuka afunge virago. Hakuna aliyemtazama.

"Nitashuka mimi," akasema dada yangu.

Doña Tecla, mkunga wetu, alimshika gauni. "Mwanamke hashuki mgodini, Hermila. Na wewe usiitike! Anayeitikia sauti ya chini hubaki chini."

"Nimebaki juu miaka yote hii, mama, na imenisaidia nini?"

Stroud akasimama mbele yake. "Ule ukuta usiguswe. Ni hatari."

"Hatari kwa nani?" akauliza Hermila. Akampita akichukua sururu iliyoegemezwa hapo. Mimi nikabeba taa ya kabidi ya wachimbaji na kumfuata, si kwa ushujaa, bali kwa aibu ya kumwacha peke yake.

Ndani kulikuwa na joto kama mdomoni mwa mnyama. Mwanga wa jua ulitufuata kidogo, kisha ukakata tamaa. Nguzo za mbao zililia. Juu yetu udongo ulikuwa mweusi, umelowa, umetuna katikati ya mbao kama unga uliozidi kuumuka.

Ukuta ulikuwa unatoka jasho.

Nilisogeza taa. Halikuwa jasho. Zilikuwa chembe za zebaki, ndogo kama mbegu za haradali, zikichomoza kwenye nyufa za mawe. Zilitetemeka zote kwa pamoja. Kila mara kitu kilipogonga kule nyuma, zilitetemeka.

Ngo. Ngo.

"Twende," nikanong'ona. "Dada, twende."

Kugonga kukakoma.

"Hermila."

Ilikuwa sauti kavu. Ilitokea chini, karibu na miguu yetu, kama mtu aliyelaza shavu sakafuni.

Niliiziba midomo ya dada yangu kwa kiganja. Akakitoa taratibu. Akasema kwa sauti kubwa, sauti ya kufukuzia mbuzi:

"Nipo! Niite tena, Nabor. Niite kwa nguvu, wakusikie wote huko nje!"

Akainua sururu, akapiga. Jiwe la kwanza likalegea, la pili likaanguka. Upepo ukatoka, baridi, na haukuwa na harufu ya mtu. Alipiga huku akilia na kutukana, mpaka pakawa na tundu la kupita mabega. Nikaingiza taa na kichwa.

Nabor alikuwa ameketi karibu na tundu, ameegemea mwamba wa pembeni. Ngozi ilikuwa imekaukia mifupani, nyekundu kwa vumbi la jiwe lile. Mkononi alishika jiwe. Upande wa ndani wa ule ukuta ulikuwa umejaa alama nyeupe za kugonga. Nyingi. Alikuwa hai walipomzibia.

Vumbi lilikuwa limelala juu ya vidole vyake, na juu ya vumbi buibui alikuwa ametanda utando wake wote. Mkono ule ulikuwa haujasogea kwa muda mrefu sana.

Hermila akaingiza mwili nusu, akalitoa lile jiwe mkononi mwake. Kisha akanigeukia.

"Lina joto," akasema.

Hapo kifuniko kikaanza kushuka. Kwanza punje. Kisha donge. Nguzo ikavunjika kama mfupa. Nikapiga kelele nikarudi nyuma, na nikamwona dada yangu akitoka kwenye tundu lile. Hakujirusha. Alirushwa. Alianguka miguuni pangu, na udongo ukaanguka pale alipokuwa.

Kelele ile iliwatoa wanaume kwenye woga wao. Ponciano aliingia wa kwanza, wengine wakafuata. Waliweka nguzo mpya, wakafukua, na kabla jua halijafika kwenye milima, Nabor alikuwa amelazwa kwenye mlango ulioondolewa dukani, mbele ya ofisi ya Stroud.

"Mzikeni upesi," Stroud akasema akiwa amegeukia pembeni. "Ni joto hili."

"Atazikwa ukishamwangalia," Hermila akamjibu.

"Mama, mimi sikujua..."

"Mwangalie."

Watu walisogea. Hawakumgusa, walisogea tu. Stroud akageuza uso, akamwangalia.

Tone moja la zebaki likatoka puani mwa Nabor. Likateremka shavuni, likadondoka chini. Pale ofisini ardhi inapanda, kila mtu anajua, maji ya mvua hukimbia kutoka pale. Tone lile lilipanda. Lilipita katikati ya miguu ya watu, polepole, likasimama kwenye ncha ya kiatu cha Stroud.

Akarudi nyuma hatua. Likamfuata.

Hakulala Almagre siku ile, na hakuna mchimbaji aliyeshuka mpaka mwenye mgodi alipotuma neno kwamba Stroud harudi. Hakimu wa wilaya baadaye alisema ilikuwa ajali. Hermila alisimama mbele yake akasema, "Ajali haijengi ukuta," akatoka kabla hajaruhusiwa.

Alipokwenda kwa hakimu alikuwa amekata mkono wa kulia wa gauni lake ili waone. Tangu siku ile juu ya kiwiko alikuwa na alama nyekundu ya mkono wa mtu, pale aliposhikwa akatupwa nje. Sabuni haikuitoa, wala maji ya baraka. Wanawake wa dukani walinyamaza wakiiona. Hakuifunika hata kanisani.

"Mume wangu alinitoa," alikuwa akisema, na mimi sikuwahi kumbishia.

Lakini mimi ndiye niliyemfunga Nabor sanda. Ile mikono niliikunja mwenyewe kifuani. Baruti ilimkata vidole akiwa bado kijana. Wa kulia ulibaki na vitatu, wa kushoto na viwili.

Alama ya mkononi mwa dada yangu ilikuwa na vidole vitano, vyote virefu, na kidole gumba kilikuwa upande usiopaswa.