Redio Iliyofunzwa Sauti ya Yasiri

Mashahidi wote wanne wanakubaliana juu ya jambo hili: redio ilipotaja jina la Keji, haikuwa na waya hata mmoja ulioiunganisha na betri. Ilikuwa imelazwa juu ya meza ya mbao, nyaya zake zimekatwa na kuning'inia kama mizizi ya muhogo uliong'olewa. Ulikuwa mchana wa jua kali, na hakuna aliyekuwa amelewa. Waliokuwapo ni fundi Yasiri, mkewe Keji, Kamisi mwenye gari, na Zulaika, shangazi yake Kamisi. Yaliyosalia wanayabishania, na kila mmoja ana sababu ya kupendelea maelezo yake.

Yasiri alikuwa na banda lake pembezoni mwa mji wa Arua, upande wa Manibe. Siku za kazi alifunga redio za magari. Ijumaa aliadhini msikitini. Sauti yake ilikuwa fahari yake. Keji mwenyewe alizoea kusema kwamba alimpenda mumewe kwa masikio kabla ya kumpenda kwa macho.

Kamisi alileta gari la marehemu baba yake, askari wa zamani wa Midia, huko Koboko. Alitaka redio mpya yenye skrini na ramani, ile inayomwambia dereva apite wapi. Yasiri alipofungua dashibodi alikuta tundu tupu. Redio ya zamani ilikwisha kuondolewa, na nyaya zake zimefungwa pamoja kwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo, na katikati ya mafundo kijifuko cha ngozi.

"Kamisi, hii nani nafunga?" aliuliza.

"Shangazi yangu. Mambo ya wazee. Kata tu."

"Fundo ya mutu nafunguliwa na mutu yenye nafunga. Piga simu kwa mama kwanza."

Kamisi alicheka. "Fundi naogopa uzi! Gari iko yangu, bwana. Leo leo nataka kufika nyumbani."

Yasiri alizaliwa Koboko, na sheria ya fundo aliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Hata hivyo alichukua kisu, akakata. Tundu likatoa harufu ya baruti iliyolowa na matope. Panya amefia humo, alijiambia. Na kwa haki, maelezo hayo hayajawahi kukanushwa.

Akaunganisha waya wa njano na umeme wa kudumu, mwekundu na umeme wa ufunguo, mweusi na chuma cha gari. Maikrofoni akaibandika karibu na kioo. Kisha akafanya alilolifanya kwa kila redio ya aina hiyo. Mashine hizo hufunzwa sauti ya mtu mmoja ili zimtii, na wateja wengi hushindwa kazi hiyo, wakarudi wakilalamika. Kwa hiyo Yasiri alizifunza sauti yake mwenyewe, mteja aje abadilishe baadaye. Alisoma maneno ya kwenye skrini polepole, kwa sauti ile ya mnarani. Mashine ikauliza kama sauti hiyo ikubaliwe. Akabonyeza ndiyo.

"Twende nayo Koboko," Kamisi alimwambia. "Ikinipoteza, nakupoteza na wewe."

Njia nzima mashine iliongea kwa sauti ya kike iliyotoka nayo kiwandani, na Kamisi aliitania kama shemeji. Karibu na Midia ikanyamaza. Iliporudi, ilikuwa sauti ya Yasiri.

"Geuka kushoto."

"Fundi, umejiweka ndani ya redio?"

Yasiri alitikisa kichwa kukana, na kushoto hakukuwa na barabara ila kichochoro kati ya matete, ambako Kamisi, kwa mujibu wa maelezo yake, alikata usukani bila kukusudia. Na matete yakafunga nyuma yao, harufu ya baruti ikajaa garini hadi macho yakawachonyota, Kamisi akazima ufunguo na injini ikafa, lakini gari likaendelea kuteremka mteremko ambao hakuna mwenyeji wa Midia anayeukumbuka, na Yasiri, aliyeona mbele ardhi ikikatika, alifungua kinywa apige kelele ya kusimamisha gari, akasukuma pumzi yote iliyokuwamo kifuani, na hakikutoka chochote, hata mkoromo, huku sauti yake mwenyewe, tulivu, yenye dharau kidogo, ikisema kutoka dashibodini:

"Endelea."

Kamisi alivuta breki ya mkono. Gurudumu la mbele lilisimama kwenye ukingo wa handaki la zamani la vita.

Tangu hapo Yasiri hakutamka neno. Daktari alimulika koo lake, akalikuta zima. Keji alikesha akimsihi aseme lolote, hata tusi. Redio, kwenye gari lililozimwa nje ya banda, iliadhini mchana na usiku bila kumaliza. Kila mara ilikata kabla ya jina la Mungu linalofunga adhana, kisha ikacheka kicheko cha Yasiri.

Ndipo Kamisi akamleta shangazi yake. Zulaika alinusa hewa kabla ya kushuka kwenye pikipiki.

"Baba yako nakutana na hii kitu porini, wakati ya vita," alinong'ona. "Ikamuonyesha njia. Wenzake wote nakufa, yeye peke yake natoka. Lakini haina kinywa. Ilikuwa nataka kinywa. Ikachukua ya mama yako."

"Mama alikuwa mgonjwa," Kamisi alisema.

"Nani alikuambia? Baba yako. Mimi ndiyo niliondoa redio ya gari isipate kinywa, nikaifunga hii kitu humo. Nyinyi mnafungua, tena mnaipa sauti!"

Aliamuru redio ing'olewe na kila waya ukatwe. Akatoa uzi mweusi. "Itaita majina. Mutu asijibu. Ikikosa jibu itachoka, nitaifunga."

Ilimwita Kamisi, ikimtukania mama yake. Ikamwita Zulaika mchawi. Kila mtu alibana midomo. Uzi ulikuwa umekwisha kuizunguka nusu iliposema, laini, kama asemavyo mwanamume anapovua viatu mlangoni:

"Keji wangu. Chai iko wapi?"

Keji, machozi yakimtiririka, alimtazama mumewe aliyekuwa bubu.

"Abee," akajibu.

Redio ikanyamaza. "Usijibu!" Yasiri alipaza sauti, nayo ilikuwa sauti yake kamili, mpaka kuku wakatawanyika uani. Keji alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Zulaika alimalizia kufunga, akaizika. Anaapa kwamba Keji alijua anachonunua. Kamisi anaapa kwamba mwanamke alijisahau. Daktari anasema mshtuko huziba koo na mshtuko hulizibua, na hoja yake si ya kupuuzwa. Keji, akiulizwa kama alisahau, hutikisa kichwa kukana. Akiulizwa kama alikusudia, hutikisa kichwa vilevile.

Yasiri anaadhini tena, na humaliza, hilo linamtetea. Lakini hivi majuzi alisafiri na Kamisi kuelekea Kuluva, njia asiyowahi kuipita, akasinzia kitini. Macho yakiwa yamefumbwa, akasema: "Baada ya daraja, geuka kushoto." Kamisi hakugeuka. Anakiri kwamba daraja lilikuwapo, na kwamba aliisikia ile harufu.

Na kila jioni Yasiri huvua viatu mlangoni, akaita, "Keji wangu," na Keji, aliyepoteza sauti yake hiyo iliporudi, huziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Ushahidi umekwisha. Aliyerudi kinywani mwa Yasiri ni Yasiri, au ni yule anayejua njia? Wewe uliyesikia, hukumu ni yako. Ila ukifika nyumbani ukasikia unaitwa kwa sauti ya umpendaye, tazama kwanza midomo yake.