Upepo wa Uvunguni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Entin alifagia ua wa kwao na kujaza mtungi kwa maji ya chemchemi. Msimu huo kazi ilimwongezeka. Ghala lao la mpunga lilikuwa limeoza nguzo, na baba yake, Darma, alikuwa akijengewa jipya na fundi mzee Odang, ambaye wote walimwita Mang, yaani mjomba, pamoja na mpwa wake Usep. Ua ulijaa vibanzi vya mianzi, vyepesi lakini vikali kama wembe.

"Vipeleke nyuma ya bwawa la samaki," baba alimwagiza. "Tutavichoma huko."

Lakini nyuma ya bwawa ni mbali, na rafiki yake Kokom alikuwa akimngoja njiani.

"Entin, unafagia au unaubembeleza ua ulale? Tutachelewa."

Basi Entin akavisukuma vibanzi uvunguni mwa nyumba. Nyumba za kijiji chao husimama juu ya nguzo, na uvungu wa kwao ulimtosha mtu mzima kukaa na kufanya kazi. Siku zilizofuata akafanya vivyo hivyo. Rundo lilipoanza kuonekana, alichukua kuta za ghala, zile zilizosukwa kwa mianzi zikingoja kupachikwa, akaziegemeza kwenye nguzo zikaziba mbele yote. Alijua mafundi hupenda kukaa mle, ila alijiambia kuwa nafasi uani ni tele.

Mang Odang alipozikuta kuta pale, alidhani mwenye nyumba ndiye aliyeziweka. Kwao fundi hamwambii mwenye nyumba aondoe vitu vyake. Huinamisha kichwa akatafuta pengine. Akahamishia patasi zake kando ya bwawa, kusiko na kivuli hata cha kumfunika kuku.

Kazi ikazorota. Mchana mmoja Entin alipotoka shule, alimkuta mzee akijipangusa jasho, nguzo iko nusu vilevile kama jana.

"Mang, patasi imelala au wewe ndiye uliyelala?" Usep alimtania.

"Wote wawili. Nawe usipige kelele, utatuamsha kabla wali haujaiva."

Mama alipoleta wali na samaki wa chumvi, mzee alimsogezea Usep kipande kikubwa, akabaki na mkia. Entin aliona, akatazama kando.

Jioni, wakiwa wanakula ndani, baba alizungumza na mama kwa sauti ya chini. "Mavuno ni wiki hii, na mvua zimeanza. Mpunga ukikosa ghala utachipua nje. Odang amezeeka. Kesho nitakwenda ng'ambo ya mto kutafuta fundi mwingine."

"Ndiye aliyeijenga nyumba hii tunayokaa," mama alisema.

"Najua. Ndiyo maana sisemi kwa sauti."

Entin alilirudisha tonge sahanini.

"Baba," alisema, "si uzee. Ni mimi niliyemnyima kivuli."

Alimshika baba mkono wakashuka ngazi, akauvuta kando ule ukuta wa kwanza. Vibanzi vilimwagika hadi miguuni mwao. Kuku mmoja alitoka ndani akilalamika, kwani alikuwa ameshataga humo. Baba akaenda mwenyewe nyumbani kwa fundi, Entin nyuma yake.

"Mang, kwa nini hukuniambia kuwa unaungua na jua?"

"Nikwambie nini, Darma? Nyumba yako, uvungu wako."

"Kosa ni langu, Mang," Entin alisema, macho chini. "Mimi ndiye niliyepaziba. Nisamehe."

Mzee alimtazama kwa upole. "Umekuja mwenyewe. Basi yamekwisha."

"Nami nina langu," baba alisema taratibu. "Niliitazama mikono yako tu. Sikutazama inafanyia kazi wapi."

Alfajiri wote walibeba vibanzi hadi nyuma ya bwawa. Hata Kokom alisaidia, akinung'unika kuwa mgongo wake si wa punda. Jua lilipopanda, mafundi walikuwa wamekaa uvunguni, upepo ukipita kati ya nguzo, na nyundo ziliitikiana mpaka saa ya wali. Usep hakupata nafasi ya kumtania mjomba wake, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa akiachwa nyuma.

Ghala lilisimama kabla ya mavuno kuletwa. Wanaume walipita wakiwa na matita ya mpunga mabegani, na tita la mwisho lilipoingia, mvua ikaanguka juu ya paa jipya.

Mama alimvuta Entin karibu naye pale mlangoni.

"Mwanangu, mtu hufanya kazi vizuri mahali palipotunzwa. Na kazi ukiificha badala ya kuimaliza, haijaisha. Umemwachia mwenzako, naye ataibeba juani bila kujua ni ya nani."