Mbiu ya Seli Nyeupe

Mwashi alikuwa na binti mmoja aliyeitwa Chiriku, kwa kuwa hakujua kunyamaza. Aliimba akiosha vyombo. Alibishana na kaka zake mpaka mama yao akaziba masikio.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Mwishowe ukabaki mnong'ono, na akilala alipumua kwa shida. Daktari aliona vinyama kooni, vilivyoletwa na virusi. Akavikata. Vikaota tena.

Daktari akasema ipo dawa iitwayo interferoni. Hutengenezwa kutokana na damu ya watu, nayo ilikuwa adimu kwa sababu wachangiaji damu walikuwa wachache. Mwashi akanywea. Aliamini kwamba damu ikitoka, nguvu huondoka nayo, na nguvu zake ndizo zilizowalisha wanawe.

Jioni akamwendea jirani yao, mama aliyefanya kazi kwenye maabara ya dawa hiyo. Akamweleza hofu yake. Jirani hakumcheka. Alimwambia mtu hupimwa afya kwanza, na mwili hutengeneza damu nyingine.

"Na dawa mnaipataje humo?" mwashi akauliza.

"Damu ina seli nyekundu na nyeupe, shemeji. Nyekundu wanapewa wagonjwa waliopungukiwa damu. Nyeupe ni askari wa mwili. Tunaziweka kwenye joto kama la mwili, tunazipa virusi visivyomdhuru mtu. Zikivikuta, zinapiga mbiu. Mbiu hiyo ndiyo interferoni. Inaziambia seli nyingine zifunge milango, adui yuko njiani."

"Kwa hiyo mtamdunga mwanangu virusi?"

"Hasha. Tunaondoa seli, tunaua virusi kwa asidi, tunasafisha yale maji tena na tena mpaka tuipate interferoni safi. Kisha tunaipima. Ila damu ya mtu mmoja hutoa kidogo sana. Haba na haba, shemeji."

Asubuhi mwashi alikwenda kutoa damu. Alifumba macho sindano ilipoingia. Alipumzika, akanywa chai, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Siku chache baadaye alikuwa juu ya ukuta, anapanga matofali kama kawaida. Aliwahimiza wenzake nao wakachangie. Walimtania kwamba amekuwa mhubiri wa damu, lakini mmoja baada ya mwingine wakaenda, na msimamizi wao pia.

Chiriku alikatwa vinyama tena, akaanza sindano za interferoni. Mwanzoni alipata homa na maumivu ya mwili, kama daktari alivyowaonya. Miezi ikapita. Daktari akamchungulia koo, akatabasamu. Dawa haimfai kila mgonjwa, alisema, lakini huyu imemfaa. Koo lilikuwa safi.

Chiriku alitoka chumbani akiimba kwa sauti yake yote. Muuguzi akamwomba apunguze, hapa ni hospitali.

"Mvumilie, dada," mwashi akasema, machozi yakimlengalenga. "Sauti hiyo tumeitafuta kwa damu."

Muuguzi akacheka, akawafungulia mlango. Chiriku akaimba mpaka barabarani.