Mume Aliyeitika

Nzi wa Garsen hawana adabu, hasa nyumba ikiwa karibu na soko la mbuzi. Watakutulia mdomoni hata kabla hujamaliza bismillahi. Lakini siku ya tatu tangu Abdishakur arudi, Hibo aliona nzi wamejazana ukutani upande wa mlango, na juu ya mumewe aliyelala mkekani hakuna hata mmoja. Adhuhuri, jua la kupasua kichwa, na mtu hajatoka jasho!

Alikuwa amerudi kama alivyoitwa. Maana Hibo, wivu ulipomkaba, alikwenda mpaka Kipini kwa mganga, Bi Asmaa, akalia kwamba mumewe kila wiki yuko Madogo na mbuzi wake, na huko Madogo kuna mwanamke. Akapewa ubani auchome jua la utosi, amwite mara tatu, naye hatatoka tena nyumbani. Na kweli, hakutoka. Hata msikitini hakwenda, jamani! Alimtazama tu Hibo, akitabasamu, na chumba kizima kikinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Siku ya nne simu ikalia. Jina la Abdishakur.

"Hibo, niko kwa gari, nishapita Hola. Yule mwanamke wa Madogo nimemwacha. Nisamehe. Nakuja."

Hibo akageuka. Aliyelala mkekani alikuwa amefumbua macho.

Akakimbilia jikoni, akampigia Bi Asmaa kwa mnong'ono.

"Mwanangu, ulimwita vipi?"

"Kwa jina lake na la babake, na babu zake mpaka wa saba. Sisi ndivyo tunavyomtaja mtu."

"Si nilikwambia umtaje kwa mamake?"

"Mwanamume atajwe kwa mamake? Niliona aibu, Bi."

"Basi aliyeitika ni asiyezaliwa na mama. Ubani umewafunga humo nyote wawili, hutoki. Lakini mumeo halali akivuka kizingiti, huyo ataondoka. Mfungulie tu mumeo."

Alasiri Hibo alikaa nyuma ya mlango wa mabati, shingo imelowa, akisikiliza kila gari lililopunguza mwendo barabarani, na nyuma yake yule akaanza kukohoa, kikohozi kile kile cha Abdishakur, kisha akainuka na kuja taratibu, mkeka haukulia wala sakafu haikulia, ila harufu ya majivu ilisogea mpaka ikamkaa begani, na Hibo hakuthubutu kugeuka wala hakuweza kusoma dua aliyoijua tangu utoto kwa sababu maneno yote yalikuwa yamemtoka.

Mlango ukagongwa. "Hibo! Ni mimi. Fungua."

Akashika komeo. Mkono mkavu ukaushika wake, na sauti ngeni, nzito, ya mwanamume aliye kwake, ikasema kwa nguvu, "Hibo, mpenzi, nani huyo anayetusumbua?"

"Kuna mwanamume ndani?" Abdishakur akauliza.

"Vunja mlango! Wallahi ni jini, Abdishakur, ingia tu!"

"Jini gani anamwita mke wa mtu mpenzi? Nimeacha mwanamke kwa ajili yako, Hibo. Kumbe na wewe!"

"Ingia, nakuomba, vuka tu mlango!"

"Nimekuacha. Talaka tatu. Mbaki salama nyinyi wawili."

Akasikia viatu vyake vikienda zake. Alimwita mpaka koo likakauka, na jirani hakuna aliyetoka, maana ugomvi wa mume na mke nani atauingilia? Mkono ukamwachia.

"Usilie," yule akasema kwa upole, akikaa kando yake sakafuni. "Mimi si mhuni. Kaa eda yako humu humu ndani, sitakugusa. Ikiisha, nitakuoa."