Sweta la Wangui

"Wangui wangu ameamkaje?"

Swali hilo lilimkuta Wachuka nje ya kliniki moja mjini Nakuru, bahasha ya skani mkononi. Aliyepiga simu ni mama yake Mwaura, mchumba wake. Mama huyo ndiye Wangui mwenyewe. Alikwisha kuamua kwamba mimba ya Wachuka ni ya msichana, na kwa Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Basi kila asubuhi alikuwa akijijulia hali tumboni mwa mkaza mwanawe.

"Ameamka salama, Mum," Wachuka akajibu, kisha akakaa ukingoni mwa barabara.

Tumboni hamkuwa na mtu. Miezi minne bila hedhi, mwili kunenepa, kila mtu alikuwa amehesabu kwa vidole akapata mtoto, na wa kwanza kuhesabu alikuwa Wachuka mwenyewe. Daktari Cheptanui alipima mkojo na damu, akaangalia ovari kwa skani, kisha akamuuliza mambo ambayo hakuwahi kuulizwa. Hedhi ilianza kurukaruka lini? Tangu kidato cha pili. Chunusi je? Zipo. Nywele kidevuni? Hapo Wachuka aliinamia sakafu. Kwa miaka sita alikuwa akinyoa kila alfajiri mlango ukiwa na komeo, akidhani Mungu alimchanganya na mtu mwingine.

"Hii kitu iko na jina," daktari alimwambia. "Inaitwa PCOS. Homoni zako haziko sawa, kwa hivyo mayai hayatoki kila mwezi. Wasichana wengi wako nayo na hawajui. Si laana, na haimaanishi huwezi kuzaa. Haiishi kabisa, lakini tunaidhibiti."

Alimwandikia vidonge vya kurudisha hedhi, akamwambia apunguze soda na mandazi, atembee nusu saa kila siku, arudi baada ya miezi mitatu. Siku akitaka mtoto waongee, kwa sababu kuna dawa za kusaidia yai kutoka. Wachuka alisikia yote, ila lililobaki naye ni lile moja, kwamba Wangui hayupo.

Alipaswa kusema siku hiyo hiyo. Hakusema. Mwaura alikuwa kazini Olkaria, kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, na habari kama hiyo haiambiwi mtu kwa simu, au ndivyo alivyojidanganya. Mchana aliuza chakula cha kuku kwenye duka la agrovet huko Lanet akicheka na wateja. Jioni alitembea peke yake kuzunguka mtaa, mapazia yamefungwa, watu wako ndani na watu wao. Ujumbe wa Mwaura ungeingia: "Mama Wangui, umekula?" Naye angejibu: "Nimekula." Hakuwahi kuwa mpweke namna ile, na simu haikuacha kuita.

Baada ya wiki tatu Mwaura akaja, uso umemchangamka, akaweka mezani kisweta cha manjano kisichozidi kiganja chake. Mama yake hufuma masweta ya shule kwa mashine kule Bahati, lakini hiki alikifuma kwa mkono.

"Hakuna Wangui," Wachuka akasema.

"Unamaanisha nini?"

"Sina mimba. Sijawahi kuwa nayo. Ni ugonjwa, Mwaura. Hata ndevu mimi hunyoa."

Akamweleza yote upesi upesi, asije akaishiwa na ujasiri katikati.

"Umejua lini?"

"Wiki tatu zimeisha."

"Wiki tatu unaambia mathe Wangui ameamka salama?"

Mwaura akakikunja kile kisweta, akakitia mfukoni mwa jaketi, akatoka. Laiti angekiacha, Wachuka angejipa moyo kwamba atakifuata.

Siku kumi na mbili zikapita. Hata ile simu ya asubuhi aliyokuwa akiiogopa ilinyamaza, na mjinga yeye, akaitamani. Hedhi ilirudi kama daktari alivyomwambia. Alifurahi akiwa amesimama jikoni, akagundua hana wa kumwambia. Akaendelea kutembea.

Jioni ya siku ya kumi na mbili alimkuta Mwaura langoni, amevaa raba, mfuko wa karatasi kwapani.

"Bado unatembea?"

"Daktari alisema."

"Basi twende."

Walikwenda mbali kidogo.

"Sikukasirika juu ya mtoto," Mwaura akasema. "Nilikasirika ulienda huko pekee yako, ukarudi pekee yako, na mimi niko hapa tu Olkaria."

"Na wewe ukaniacha pekee yangu siku kumi na mbili."

"Hapo nilikosea. Naomba unisamehe."

"Nilidhani ulibeba sweta ndio upelekee mwingine."

Mwaura akampa ule mfuko. Ndani mlikuwa na sweta la mtu mzima, kifuani manjano kidogo, mgongo na mikono kijani.

"Mathe alikifumua kile kidogo," akasema. "Nilimwambia yote, na kwamba unatembea jioni na huku ni baridi. Uzi haukutosha, akaongezea ule wa shule."

Wachuka akalivaa. Mwaura akamtazama, akasema anakaa kama mtoto wa fomu wani, na kwamba sasa anajua kwa nini nyembe zake huisha makali kabla hajanyoa. Wachuka akacheka, kisha akauliza lile alilokuwa akiogopa kuuliza.

"Na wazee?"

"Wazee wanakuja kwenu Molo Agosti kuongea mahari, vile tulipanga."

Simu ya Wachuka ikaita. Alipoona ni nani alitaka kumpa Mwaura apokee. Mwaura akakataa.

"Wachuka wangu ameshindaje?" sauti ikauliza.

Machozi yakamtoka pale barabarani, na hakuyafuta.

"Ameshinda vibaya, Mum," akasema. "Siku nyingi sana ameshinda vibaya. Lakini sweta imemtosha."