Sanduku la Herman la Kwenda Kampala

"Hivi vidogo," Herman alisema, akivirudisha viatu vyekundu juu ya meza ya duka. "Kamba hii nililetewa Pasaka. Sasa mguu utakuwa umeongezeka."

Kamba yenyewe ilikuwa kipande cha katani, urefu wa wayo wa mtoto. Enzi hizo ndivyo watu walivyoagizia watoto viatu mjini: unaupima mguu kwa kamba, unaikata, unampa anayesafiri. Rubab, mwenye duka, akaleta jozi nyingine, kubwa kidogo, ya kufunga kwa kamba.

"Hapana, mama. Vya kufunga havitaki. Huvifungua, akishindwa kuvifunga tena analia. Nipe vya kifungo."

Euphrasia alikuwa pembeni akichagua sabuni. Aliacha kuchagua.

Ilikuwa Shinyanga, mwaka 1954, na hawa wawili walikuwa wachumba. Herman alikuwa fundi wa mitambo kule Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, kijana mtanashati, mpole, mwenye maneno machache ambayo wasichana huyadhania kuwa ni busara. Mahari yake ilikuwa imeshaingia zizini kwa Mzee Bujiku, baba yake Euphrasia, na ndoa ilingojea arudi kutoka likizo. Na likizo ya safari hii aliitaka ng'ambo ya ziwa, Kampala, kutembea tu kama Wazungu wa mgodini waendavyo kwao Ulaya. Wenzake walimcheka sana. Mtu mzima akapumzikie nchi ya watu, kwani kwao hakuna kivuli?

Euphrasia hakumcheka. Aliuliza waliowahi kufika, akaambiwa Kampala mvua haina adabu, basi koti la mvua likawa la kwanza. Akaongeza kwinini, tochi, sindano na uzi. Cheti cha chanjo ya ndui alisema kikae juu kabisa kisitafutwe bandarini. Akamkaushia michembe, vile vipande vya viazi vitamu, na kumkaangia karanga, maana chakula cha melini hakuna aliyemthibitishia kuwa kinashibisha. Mashati aliyapiga pasi mwenyewe. Viatu vya mtoto tu ndivyo ambavyo hakuvijua, na walipokuwa njiani kwenda dukani Herman alimwambia ni zawadi kwa mtoto wa rafiki yake, yule atakayefikia kwake.

Sasa nikuulize wewe msomaji, rafiki gani anajua mtoto wa mwenzake analilia nini?

Hakumuaibisha dukani. Walimaliza kununua, wakamuaga Rubab, wakarudi nyumbani kwa shangazi yake Euphrasia, ambako sanduku lilikuwa wazi ukumbini. Akapanga mashati, akapanga sabuni. Alipofika kwenye viatu alivishika tu.

"Herman, huyu mtoto ni wa nani?"

"Si nilikwambia, ni wa..."

"Ulivyoniambia nimesikia. Sasa nakuuliza."

Herman alikaa kwenye kigoda. Njia ya mwongo fupi, na yake iliishia pale ukumbini.

"Ni wangu," alisema.

Akaeleza yote. Kabla ya Mwadui alifanya kazi gereji Kampala, jambo ambalo hakuwahi kumwambia, akaishi na binti mmoja wa Kihaya bila ndoa. Binti alifariki wakati wa kujifungua. Mtoto, wa kike, alilelewa na bibi yake mzaa mama, na sasa bibi macho yamekwisha, haoni hata moto wa jikoni. Safari haikuwa ya kutembea. Alikuwa anakwenda kumtafutia mtoto mtu mwingine wa kumlea hukohuko.

Euphrasia aliumia, tena aliumia vibaya. Si kwa mtoto, bali kwa siku ile ya posa. Baba yake aliuliza mbele ya wazee wote, kama inavyoulizwa: je, kijana wenu ameacha mke au mtoto popote? Mshenga akamgeukia Herman, Herman akatikisa kichwa. Wazee wakaridhika, ng'ombe wakapokewa.

"Mtoto ningempokea," alisema, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. "Ungesema tu. Lakini ulimkana mbele ya baba yangu, na mimi nikiwa mlangoni nakusikiliza. Aliyemkana mwanawe, mimi atanikana lini?"

 Herman alisema aliogopa kumkosa.

"Basi hivi havifungwi sandukuni. Vichukue, tuende kwa baba ukamwambie mwenyewe. Bila mshenga."

Walikwenda. Herman alipiga magoti, akaviweka vile viatu mbele ya mkwewe, akasema kila kitu. Mzee Bujiku aliokota kiatu kimoja, akakigeuza mkononi.

"Anaitwa nani?"

"Mageni, baba. Jina la marehemu mama yangu."

"Mtoto mwenye jina la mama yako, ukamkana." Mzee akatikisa kichwa. Akamtoza dume moja la kuwaomba radhi wazee aliowadanganya. Herman akashukuru, akauliza kwa sauti ndogo kama uchumba bado upo.

"Ng'ombe ni wangu, naweza kuwarudisha au kuwaacha," Mzee alisema. "Lakini mume ni wake. Muulize yeye."

Euphrasia hakujibu siku ile. Alirudi kwenye sanduku, akatoa nusu ya vitu: suti, viatu vya ziada, hata redio aliyoazimwa Herman ya kwenda kujionyesha. Mahali pake akaweka vile viatu, blanketi dogo na sweta.

Stesheni, treni ya Mwanza ilipokuwa inapakia, Herman alimuuliza.

"Nikirudi nitakukuta?"

"Hutatafuta mlezi Kampala. Utarudi na Mageni. Kukusamehe sijui bado, lakini mtoto hatashuka hapa akakosa wa kumpokea."

Likizo ilipokwisha treni ilirudi, na Euphrasia alikuwepo. Herman alishuka na sanduku mkono mmoja, mkono mwingine kashika kitoto chenye usingizi, kinachotazama watu kwa woga. Euphrasia hakumsalimia yeye kwanza. Aliinama, akambeba mtoto, akamfunika kwa kitenge chake. Mtoto alijikaza kidogo, kisha akalaza kichwa begani.

Mwanamke aliyekuwa anauza ndizi akawasogelea na ungo wake.

"Mama nani, mnunulie mtoto ndizi, ametoka mbali."

Herman alisimama akingoja. Kwa majuma yote ya safari alikuwa akilingojea jibu la Euphrasia, na sasa hakujua kama atapewa leo.

"Mama Mageni," Euphrasia alimwambia muuza ndizi. "Nipe kichane kizima."